Mkazo Uliolala Ndani ya Mshono: Hotuba kwa Wachomeleaji wa Mabomba ya Stenlesi

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, wakaguzi, wahandisi, na ninyi vijana mlioko mafunzoni, asanteni kwa kunikaribisha. Nimepewa dakika arobaini. Mbili za kwanza sitasema kitu, nitakata chuma. Wa safu ya mbele vaeni miwani.

Mmekiona? Hiki ni kipande cha bomba la stenlesi, aina ya 304, kipenyo milimita 114, ukuta milimita 3. Ni bamba lililokunjwa likaungwa kwa mshono mmoja wa urefu. Kabla hamjaingia nilichora alama mbili kwa msumari, upande unaoukabili mshono, zikiachana milimita 50 kamili. Nimepitisha grinda katikati ya alama hizo kutoka ncha hadi ncha, na mmesikia ule mlio wa "tak" diski ilipofika mwisho. Kijana, hebu njoo na kalipa yako upime. Ngapi? Hamsini na tano.

Hakuna aliyekivuta kipande hiki, wala aliyekipasha moto. Kilikuwa kimelala mezani bila kubeba chochote, si maji, si mvuke, si uzito wake wenyewe. Bado kilikuwa kimejibana, na kilipopata upenyo kikajiachia milimita tano. Ukipiga hesabu, kipenyo kimeongezeka kama milimita 1.6, na kwa ukuta wa milimita 3 maana yake ngozi ya nje ilikuwa imebeba mkazo wa takriban megapaskali 70. Chuma hiki kimeandikiwa kuanza kunyooka moja kwa moja kwenye megapaskali 205. Theluthi ya nguvu yake ilikuwa imeshaliwa kabla hajatokea mtu wa kuitumia.

Huo ndio mkazo baki. Na hicho mlichokiona ni kidogo. Mkazo ninaotaka tuuzungumze leo ni ule wa mshono wa duara, wa bomba kwa bomba, ambao hii grinda yangu ya maonyesho haiwezi kuuonyesha.

Tuanzie mkononi mwa fundi. Unapochomelea, unaweka chuma kilichoyeyuka, nyuzi 1,400 na zaidi, katikati ya kuta mbili zilizo baridi. Kikishaganda kinataka kunywea. Kuta zinakataa, kwa sababu zenyewe hazijatanuka kama kilivyotanuka chenyewe. Ugomvi huo upo kwenye kila chuma, lakini stenlesi ni mbishi zaidi kwa sababu mbili. Hutanuka na kunywea karibu mara moja na nusu ya chuma cha kaboni. Na joto ndani yake husafiri polepole, theluthi moja tu ya kasi tuliyoizoea kwenye chuma cha kaboni, kwa hiyo moto unabaki pale pale ulipouweka, na jirani yake wa sentimita chache bado unaweza kumgusa.

Sasa hesabu moja, na naomba muiandike kwenye kiganja kama hamna daftari. Stenlesi ikizuiwa kabisa isinywee, kila nyuzi moja ya kupoa huzaa kama megapaskali 3.3. Gawanyeni 205 kwa 3.3. Mnapata nyuzi 62. Tofauti ya nyuzi 62 tu, joto lisilotosha hata kuchemsha maji, inatosha kukifikisha chuma hiki kwenye kikomo cha unyumbufu wake. Na mshono wenu unashuka kutoka nyuzi 1,400! Zile zilizobaki zimekwenda wapi? Zimekinyoosha chuma kikiwa bado laini, safari nzima, hadi kilipopoa kikabaki kimekazwa kwenye kikomo chake. Tena stenlesi hukomaa kadiri inavyonyooshwa, kikomo chenyewe kinapanda, ndiyo maana mkipima karibu na mshono mkakuta namba kubwa kuliko 205 msikilaumu kifaa.

Hapo ndipo ninapokosana na baadhi ya walimu wenzangu. Wanawafundisha vijana kwamba ukipunguza ampea, umepunguza mkazo. Hapana. Ukipunguza joto unaloingiza, unapunguza upana wa eneo lililoumia, unapunguza kupinda kwa bomba, na unalinda chuma kisiharibike kikemia. Hayo yote ni mema na yafanyeni. Kilele cha mkazo lakini kinabaki pale pale, kwa sababu nyuzi 62 ni chache mno; hakuna ampea itakayochomelea bomba bila kuzivuka.

Kwenye bomba kuna jambo la ziada, nalo ni umbo. Mshono wa duara ukipoa hukaza kama mshipi kiunoni. Mkitaka kuuona, chukueni bomba jembamba lililokwisha kuungwa, lazeni rula ya chuma juu yake kuvuka mshono, kisha wekeni taa kwa nyuma. Mwanga utapita chini ya rula, kwa sababu kiuno kimeingia ndani. Ukuta ukijipinda hivyo, upande wa nje unabanwa kwa urefu wa bomba na upande wa ndani unavutwa. Kwenye kuta nene mpangilio unabadilika, katikati ya ukuta panabanwa na nje panaweza kuvutwa pia, ila ule uso wa ndani hauponi, unavutwa vile vile. Na uso wa ndani ndio unaokaa na maji.

Ndugu zangu, hili ndilo neno langu kubwa la leo. Mkazo baki hujilipa wenyewe: panapovutwa, lazima pawe na mahali panapobanwa, vinginevyo bomba lingeondoka mezani lenyewe. Kwa hiyo kwenye bomba la stenlesi swali la kwanza ni mkazo wa kuvuta umekaa wapi. Ukikaa katikati ya ukuta, haumsumbui mtu. Ukikaa kwenye uso unaolowa, umeshatimiza sharti moja kati ya matatu ya ufa wa kutu ya mkazo. Mawili mengine ni chuma kilicho dhaifu kwa ufa huo, na maji yenye kitu cha kukichokoza, kama kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi. Kwa 304 na 316 kanuni ya mazoea karakana nyingi ni kwamba kloridi huanza kutisha maji yakipita nyuzi 60 hivi.

Masharti hayo matatu yamewahi kukutana mahali ambapo hakuna aliyetarajia, kwenye maji safi kuliko tunayokunywa. Mwaka 1974, huko Marekani, kituo cha nyuklia cha Dresden kilikuta nyufa kwenye mabomba yake ya stenlesi ya 304, mabomba madogo ya inchi nne, kandokando ya mishono. Mwanzoni mwa 1975 vinu 23 vya nyuklia vya kuchemsha maji, kama cha Dresden, viliamriwa kusimama vikaguliwe. Kemia ikaonekana kuchangia: joto la kuchomelea lilikuwa limeiondoa kromiamu mipakani mwa chembe, ikashikamana na kaboni, na mipaka ikabaki bila ulinzi. Basi tukaambiwa, punguzeni kaboni. Ndipo 304L na 316L zikatamalaki, kaboni isiyozidi asilimia 0.03 badala ya 0.08. Na kweli zilisaidia sana.

Watu wengi wakalala hapo, kwamba L ikiwemo kwenye jina la chuma, kazi imekwisha.

Mwishoni mwa 2021, Ufaransa, kituo cha nyuklia cha Civaux kikakuta nyufa kwenye mabomba ya kuingiza maji ya dharura. Chuma kilikuwa stenlesi yenye kaboni ndogo. Vinu vingi vikasimamishwa kukaguliwa, na mwezi Machi 2023 ikatangazwa habari ya kinu cha kwanza cha kituo kingine, Penly: ufa wa urefu wa milimita 155, robo nzima ya duara la bomba, na kina chake milimita 23 kwenye ukuta wa milimita 27. Zilibaki nne. Kilichonifanya nisimame nilipoisoma ni maelezo ya mshono wenyewe. Ulikuwa umerekebishwa mara mbili wakati kinu kinajengwa, miongo kadhaa nyuma. Mtu aliukuta una kasoro, akauchimba, akaujaza. Akakuta bado, akauchimba tena, akaujaza tena. Karatasi zikatiwa saini.

Wahenga wametuambia tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Kwenye stenlesi naomba wahenga wanisamehe, kwa sababu kuziba kwenyewe kunaweza kuzaa ufa wa pili. Fikirieni kinachotokea. Mshono wa kwanza ulikuwa na nafasi ya kunywea, walau ncha moja ya bomba ilikuwa huru. Kiraka unakichoma katikati ya chuma kilichokwisha kuganda pande zote, kila upande umeshikwa. Kiraka kifupi zaidi ndicho kinachozuiwa zaidi kunywea. Ukichimba sentimita tano za mshono ukazijaza, umepanda kisiwa cha mkazo mkali mahali pamoja, na mara nyingi kikiwa kirefu kwenda chini kuliko mshono wa awali. Mimi nikikagua, mshono uliorekebishwa mara mbili naupa alama yake kwenye mchoro kwa wino mwekundu, hata kama picha ya eksirei imetoka safi. Picha inaonyesha kasoro, mkazo haina habari nao.

Sasa mtaniuliza, si tuingize tanuru? Chuma cha kaboni tunakipasha nyuzi 600 na kidogo, tunakiacha, kinalegea, tunakwenda nyumbani.

Nitawasimulia kosa langu. Nikiwa kijana nilipewa tanuru niisimamie, na ndani ya shehena moja kulikuwa na vipande vya chuma cha kaboni na vipande viwili vya 304 ya kawaida, si L. Mpango wa joto ulikuwa mmoja, nyuzi 620, saa mbili. Nikaviacha vyote ndani kwa kuona kwamba dawa ya mmoja haimdhuru mwingine. Vilitoka vikiwa na rangi nzuri ya shaba. Havikumaliza mwaka. Vilipoletwa karakana vikitoa jasho, tulikata kipande tukakipolishi tukakitia asidi, na chini ya hadubini mipaka ya chembe ilikuwa imechimbwa kama mitaro ya shamba. Nyuzi 620 iko katikati kabisa ya eneo ambamo kromiamu hujitenga na kuwa kabidi, yaani kushikamana na kaboni, kati ya nyuzi 425 na 850 hivi. Nilikuwa nimekiua chuma kwa kukitibu. Na cha kuchekesha, kama kuna cha kuchekesha, mkazo wenyewe haukuondoka ipasavyo. Kwenye joto hilo stenlesi hulegeza sehemu ndogo tu. Kuondoa sehemu kubwa kunataka karibu nyuzi 900, na kuufuta kabisa pamoja na kuzirudisha kabidi ndani ya chuma kunataka nyuzi 1,040 hadi 1,120, kisha kupoza haraka. Bomba fupi kiwandani, linawezekana. Bomba lililokwisha kufungwa kwenye mtambo, likishika nyuzi 1,050 litalegea kama mshumaa, na ukilipoza haraka bila usawa umeingiza mkazo mpya.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali letu, mkazo ukae wapi. Na hapa ndugu zangu kuna ufundi mzuri kuliko yote niliyoiona katika kazi hii.

Wa kwanza ni wa kuchomelea bomba likiwa na maji ndani. Matabaka ya mwanzo, la mzizi na linalofuata, yanachomwa kwa ukavu kama kawaida, gesi ya agoni ndani, kila kitu. Mzizi ukishaziba, unafungulia maji yapite ndani ya bomba na kuendelea kuchoma matabaka ya nje. Mara ya kwanza fundi akiambiwa hivyo anadhani anataniwa. Angalia lakini kinachotokea ndani ya ukuta: nje kunawaka, ndani kumebaki baridi. Nje panataka kutanuka, ndani panazuia, na ule uso wa ndani unavutwa hadi unanyooka kidogo. Kazi ikiisha, nje pakipoa na kunywea, pale ndani palipokwisha kunyooshwa panajikuta ni parefu kuliko nafasi, pakabanwa. Mkazo wa kuvuta umehamia nje, kwenye hewa.

Wa pili ni ndugu yake, kwa mshono uliokwisha kuwepo. Unazungusha koili ya umeme nje ya bomba, maji yakiwa yanapita ndani, na unaipasha ngozi ya nje hadi karibu nyuzi 500 kwa dakika chache. Mantiki ni ile ile. Wajapani waliuendeleza sana ufundi huu kwa ajili ya vinu vyao. Najua kuna aliyekwisha kunoa swali: 500 si iko ndani ya lile eneo la kabidi? Iko. Ila kabidi huhitaji muda, na dakika chache hazitoshi, tena upande unaogusa maji haufiki huko.

Wa tatu hauna moto kabisa. Unafunga kibano cha majimaji, nusu mbili zinazozunguka bomba, kando ya mshono na si juu yake, kisha unalibana bomba hadi lipungue kipenyo kidogo tu na kubaki hivyo. Ukuta unajipinda kinyume na ulivyopindwa na mshono, na eneo la ndani ya mshono linageuka kuwa la kubanwa. Ninaupenda huu kwa sababu unaweza kuuhakiki kwa utepe wa kupimia: pima mzunguko kabla, pima baada, umejua kama kazi imefanyika. Kasoro yake ni nafasi. Kibano ni kipana na kizito, na mabomba huwa yamepitishwa kana kwamba mchoraji hakuwahi kuwa na mikono.

Kuna pia kurundika matabaka ya mshono juu ya mshono wa zamani kwa nje, duara zima, ili yakinywea yaubane upande wa ndani. Hii imekuwa tiba hata ya bomba lenye ufa, kwani inaongeza unene. Na kuna kugonga uso, kwa chembe za chuma, kwa maji yanayorushwa kwa kasi au kwa leza. Chembe zinabana sehemu chache za kumi za milimita, leza inafika kama milimita moja. Inafaa pale unapoufikia uso wa ndani, na kwa bomba refu lililofungwa mara nyingi huufikii. Kutikisa bomba kwa mashine ya mtetemo ili mkazo utoke, ambako kunauzwa kwa maneno matamu, mimi sijashawishika kwa stenlesi.

Niseme kidogo juu ya mikono yetu, maana vifaa hivyo vingi hatutavipata kesho asubuhi.

Msivute bomba kwa winchi ya mnyororo ili vinywa vikutane. Nimewaona mafundi wakining'inia wawili kwenye mnyororo, bomba likilia, teki, vile vishikizo vifupi vya kwanza vya mshono, zikapigwa haraka haraka kabla halijarudi. Mkazo huo ni mbaya kuliko wa mshono kwa namna moja: haujilipi ndani ya ukuta, unakwenda bomba zima na unabaki kwa maisha yake. Kama vinywa havikutani, kateni mrekebishe. Teki zenu zikabiliane, kisha chomeni kwa robo zinazokabiliana badala ya kuzunguka kama mbwa anayefuata mkia wake. Mfereji wa mshono uwe mwembamba kadiri elektrodi inavyoruhusu, kwani chuma kinachonywea ni kile mlichokijaza. Na kati ya tabaka na tabaka subirini joto lishuke chini ya nyuzi 150.

Halafu hiyo grinda. Tunapenda mshono uliong'arishwa, mteja akipita anatabasamu. Grinda iliyobanwa kwa nguvu inapasha ngozi ya chuma na kuiburuta, inaacha tabaka jembamba gumu lenye mkazo mkali wa kuvuta. Kule Japani, miaka ya 2000, nyufa zilikutwa kwenye 316L, ile ile ya kaboni ndogo, na mwanzo wake ulikuwa kwenye ngozi iliyokomazwa kwa kusagwa na kuchongwa. Kama lazima usage upande utakaolowa, saga kwa mkono mwepesi, malizia kwa karatasi laini, kisha safisha kwa asidi ya kusafishia stenlesi.

Mwisho, kupima. Wengi hutoboa tundu dogo, milimita mbili hivi, katikati ya vipima-mnyumbuko vitatu vilivyobandikwa, na kusoma jinsi chuma kinavyojiachia kuzunguka tundu. Ni njia ya kuaminika hadi karibu na kikomo cha unyumbufu. Ukikikaribia, namba huanza kutia chumvi. Mionzi ya eksirei, ikitumiwa kupima mkazo na si kupiga picha, haitoboi, lakini inaona mikromita chache tu za ngozi, kwa hiyo ukiielekeza mahali palipopitiwa na grinda unapima grinda. Nyutroni huona ndani ya ukuta kabisa, ila lazima uzifuate kwenye kinu cha utafiti. Na chembe kubwa za mshono wa stenlesi huzichanganya njia zote mbili za mionzi, kwa hiyo msiamini namba moja iliyosimama peke yake.

Hapa mezani nimebakiza kipande cha pili. Kimetoka kwenye bomba lile lile, ila hiki kilipashwa nyuzi 1,050 kikazamishwa majini kabla ya kuletwa. Alama zimeshachorwa, milimita 50. Kijana mwenye kalipa, vaa miwani, chukua grinda. Wengine sogeeni msikilize kama kuna "tak".